Wiki Sita za Plasta

Niliteleza kwenye ngazi za soko, Genova,
malimau matatu yakabiringika hadi chini, yote mazima.
Mkono wangu wa kulia ndio uliovunjika.
Daktari akaufunga plasta. Wiki sita, mama,
usishike hata kijiko.

Basi Amedeo akaingia jikoni.

Miaka thelathini na minne aliendesha winchi bandarini,
akiinua makontena ya tani arobaini
na kuyatua taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.
Yai, hakuwahi kulivunja.

Nikaketi kwenye stuli karibu na dirisha,
mkono kifuani, mdomo mzima.
"Maji kwanza. Mengi. Tambi zinataka kuogelea.
Chumvi. Ongeza. Ongeza, mwanamume wewe,
unatia chumvi au unatoa sadaka?"

Siku ya kwanza alitoa bonge.
Tambi zilishikamana kama mashahidi wa uongo.
Tukazila kwa kisu.

Ya pili aliunguza kitunguu saumu hadi kikawa mkaa,
jirani yetu Parodi akabisha hodi na ndoo ya maji.
Ya tatu, nyanya za kopo, kitunguu, jani moja la mrehani:
mchuzi ukakaa juu ya tambi kwa adabu zake.
Nikamsifu. Kosa langu.
Mgema ni mgema hata Genova:
kesho yake mchuzi ulikuja maji matupu.

Kisha akaota mbawa.
Akarudi na tambi za mchele
kutoka duka la Wang Shufen, nyuma ya stesheni,
na chupa ya mchuzi wa soya,
na maelekezo yote ameandikiwa kiganjani kwa kalamu.
Akanawa mikono kabla ya kupika, kama nilivyomfunza.
Maelekezo yakaenda na povu.
Tulikula kitu kisicho na jina huku wala Uchina,
na mimi nikaomba tena.

Jumapili ya tano nikasema, leo mchuzi wa jozi,
wa mama yangu, kwenye kinu chake cha marumaru.
Jozi zichemshwe, zimenywe ngozi moja moja,
mkate uliolowa maziwa, saumu, jibini, mafuta ya zeituni.
Mchi usipige. Uzungushe.
Akazungusha. Akasimama. Akazungusha.
Akauweka mchi chini
kama anayetua mzigo wa mwisho wa zamu.
"Ilaria," akasema, bila kunitazama,
"mimi jozi sizipendi."

Tangu lini?

"Tangu kwa mama yako. Siku ya posa."

Nikahesabu. Miaka arobaini na mmoja,
Jumapili juu ya Jumapili,
ukitoa zile alizokuwa kazini.
"Na mbona ulikuwa ukipangusa sahani kwa mkate?"
"Nilitaka iishe."
"Nami nikikuona, nakuongezea."
"Unaniongezea," akasema.

Nilitaka kukasirika, na nilianza vizuri,
lakini plasta ilikuwa inaniwasha
na kicheko kikanitoka puani.

Aliumaliza kuusaga, wote, kwa ajili yangu.
Zake akazitia siagi na pilipili manga, basi.
Tukala bila kusema mengi.
Yeye hakupangusa sahani.

Jana plasta imetoka.
Mkono umekonda, umepauka, umelegea
kama tambi iliyosahauliwa motoni.
Nimeunyoosha kuuchukua mwiko.
Amedeo hakuuachia.
"Kaa," akasema, "maji hayajachemka,"
na mimi nayaona yanachemka,
kifuniko kinagonga, kinagonga.